Bahasha na Sanduku: Kura ya Mapema na Kura ya Posta Miongoni mwa Wamarekani Weusi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Wamarekani Weusi wanavyopiga kura kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi kuwadia. Huenda mada hii ikaonekana ngeni kwa msomaji wa Kenya, ambako mpigakura hutakiwa kufika mwenyewe, siku moja iliyotangazwa, katika kituo alikojiandikisha. Mfano wa karibu zaidi katika Afrika Mashariki ni wa Zanzibar, ambako tarehe 27 Oktoba 2020 askari na watendaji wa uchaguzi walitangulia kupiga kura siku moja kabla ya wananchi wengine. Nchini Marekani utaratibu huo si wa askari pekee. Katika majimbo mengi, siku ya uchaguzi ni siku ya kufunga shughuli iliyoanza majuma kadhaa nyuma. Kwa mujibu wa Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo, asilimia 69 ya waliopiga kura mwaka wa 2020 walipiga kwa posta au walifika kituoni mapema.

Yafaa istilahi zitenganishwe tangu mwanzo. Ni rahisi mwandishi wa Kiswahili kuita yote hayo ‘kura ya mapema’ na kuendelea na safari. Hata hivyo, kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, mpigakura huenda kituoni kabla ya siku ya uchaguzi, akajitambulisha kwa karani, akapiga kura yake na kuishuhudia ikiingia katika sanduku au mashine. Hii ndiyo itakayoitwa hapa kura ya mapema. Katika njia ya pili, karatasi humfikia mpigakura nyumbani, akaijaza, akaitia ndani ya bahasha, akatia saini na kuirudisha. Hii ni kura ya posta. Anayezichanganya njia hizi mbili hawezi kuuona mwelekeo unaojadiliwa hapa, kwa sababu historia ya Wamarekani Weusi kwa kila mojawapo ni tofauti kabisa.

Kwa muda mrefu wapigakura Weusi, hasa wa majimbo ya Kusini, wameipenda kura ya mapema na kuiepuka ile ya posta. Takwimu za Ofisi ya Sensa zinaonyesha kwamba katika uchaguzi wa 2018 takriban asilimia 11 tu ya wapigakura Weusi walitumia posta. Kiwango hicho kilikuwa cha chini kuliko cha kundi jingine lolote lililopimwa, na hakikufikia hata nusu ya kile cha wazungu. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa neno moja: mazoea. Maelezo hayo hayatoshi. Msimamo wa makala haya ni kwamba mpigakura Mweusi hujiuliza swali la kiusalama: kura ikishatoka mkononi mwangu, nani anaishika, na kwa muda gani, kabla haijahesabiwa?

Posta na Mtu Mweusi

Swali hilo lina mizizi mirefu. Mwaka wa 1802 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria iliyoagiza kwamba barua za serikali zibebwe na mzungu huru pekee. Wakuu wa wakati huo waliingiwa na hofu baada ya watumwa wa Haiti kuasi. Waliona kwamba mtu Mweusi anayesafiri na mfuko wa barua atapata habari, na mwenye habari aweza kupanga njama. Katazo hilo lilidumu hadi 1865. Baada ya hapo, kinyume na matarajio ya waliolitunga, Posta ikawa mojawapo ya waajiri wakubwa wa Weusi nchini humo. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa mshahara wa tarishi. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba jamii hii haiijui Posta. Inaijua kutoka ndani.

Kura inayosafiri nayo ilianza katika vita. Mwaka wa 1864 majimbo kadhaa ya Kaskazini yaliwaruhusu askari wao kupiga kura wakiwa kambini. Wanaume Weusi wapatao 180,000 walitumikia jeshi la Muungano katika vita hivyo, lakini wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura popote, kambini wala nyumbani. Marekebisho ya Kumi na Tano ya Katiba yaliwapa haki hiyo mwaka wa 1870, na majimbo ya Kusini yakaipokonya polepole kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, sheria ya 1942 iliwaondolea askari kodi ya kura katika uchaguzi wa shirikisho. Mwaka wa 1944 kukapendekezwa karatasi moja ya kura ya shirikisho kwa askari wote walio vitani. Wabunge wa Kusini, akiwamo John Rankin wa Mississippi, waliipinga vikali. Walifahamu kwamba karatasi ya namna hiyo ingemfikia hata askari Mweusi aliyekuwa amefungiwa mlango wa kituo kijijini kwao.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Matokeo yake yalionekana haraka: huko Mississippi, Weusi walioandikishwa walipanda kutoka takriban asilimia 7 mwaka huo hadi karibu asilimia 60 kufikia 1967. Habari hizo zinajulikana na hazihitaji kurudiwa hapa. Lisilojulikana sana ni lile lililotokea miaka 20 baadaye, wakati walioshinda mapambano ya kuandikishwa walipojaribu kuitumia bahasha.

Kesi ya Kaunti ya Perry

Marion ni mji mdogo, makao makuu ya Kaunti ya Perry katika jimbo la Alabama. Hapo ndipo Jimmie Lee Jackson alipopigwa risasi na askari wa jimbo mnamo Februari 1965, na kifo chake ndicho kilichochochea maandamano ya Selma. Mmoja wa waandamanaji walioshambuliwa kwenye daraja la Edmund Pettus tarehe 7 Machi alikuwa Albert Turner, mzaliwa wa eneo hilo la Marion. Baadaye alifanya kazi chini ya Martin Luther King, na King alipozikwa mwaka wa 1968 ni Turner aliyeliongoza gari la nyumbu lililobeba jeneza.

Kufikia miaka ya 1980, Turner, mkewe Evelyn na mwenzao Spencer Hogue walikuwa wakiwasaidia wazee wa kaunti hiyo kupiga kura kwa posta. Mahitaji yalikuwa dhahiri. Wazee wengi waliishi mashambani mbali na vituo. Wengine walikuwa wagonjwa. Wengine hawakusoma vya kutosha kuielewa karatasi ya kura bila msaada. Uchaguzi hufanywa Jumanne, siku ya kazi. Njia iliyokuwapo kisheria ni ile ya bahasha, na njia hiyo ilikuwa imewasaidia wazungu wa kaunti hizo kwa miaka mingi bila mtu kuuliza.

Katika uchaguzi wa mchujo wa Septemba 1984, maafisa wa upelelezi wa shirikisho waliivizia ofisi ya posta ya Marion ili wawaone wanaoleta bahasha. Kura zilizoletwa zilifuatiliwa. Wazee wa Perry walipakiwa katika basi na kupelekwa Mobile, safari ndefu kuelekea pwani, ili wahojiwe mbele ya jopo la kuchunguza mashtaka. Mwaka wa 1985 watatu hao walishtakiwa. Miongoni mwa mashtaka ilikuwamo hila kwa njia ya posta, yaani posta yenyewe ikawa sehemu ya kosa. Kiongozi wa mashtaka wa serikali ya shirikisho katika eneo hilo alikuwa Jeff Sessions. Ni haki itajwe kwamba Sessions alijitetea kwa kusema malalamiko yalitoka kwa wanasiasa Weusi wa kaunti hiyo hiyo, walioshindana na kundi la Turner. Mnamo Julai 1985 jopo la waamuzi huko Selma lilijadiliana kwa saa chache tu, likawaachilia wote watatu.

Mwaka uliofuata Sessions alipendekezwa kuwa jaji wa shirikisho, na Coretta Scott King, mjane wa King, akaiandikia kamati ya Seneti kupinga akitaja jinsi wazee Weusi wa Alabama walivyotishwa. Kamati ilimkataa. Hata hivyo Sessions aliingia Seneti mwaka wa 1997, na mwaka wa 2017 akawa Mwanasheria Mkuu wa Marekani.

Mtafiti anaweza kujiuliza: ikiwa waliachiliwa, hasara iko wapi? Hasara iko katika mafunzo waliyoyapata mashahidi. Mzee aliyeketi mbele ya waendesha mashtaka na kuulizwa ni nani aliyeishika bahasha yake, na kama alama ile ni ya mkono wake, hahitaji hukumu ili ajue kwamba kura ya bahasha yaweza kumletea mpelelezi mlangoni. Waswahili husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo yafaa kutumiwa hapa kwa tahadhari, kwani ung'ongo haudhuru na anayeushtukia hukosea. Bahasha ya Perry haikuwa ung'ongo.

Jumapili ya Mwisho Kabla ya Uchaguzi

Kura ya mapema kituoni haina kisa kama hicho. Ilipoenea Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, makanisa ya Weusi yaliipokea kana kwamba imetungwa kwa ajili yao. Mpango wake ni mwepesi. Ibada ya Jumapili ikiisha, waumini hupanda mabasi ya kanisa, wengine hutembea pamoja, wakaenda kituoni wakiwa bado wamevaa mavazi ya ibada. Kijana huenda na nyanya yake; asiye na gari hupata gari; asiyejua utaratibu huonyeshwa na jirani. Foleni ikiwa ndefu, huimbwa. Na jambo la msingi zaidi ni kwamba kila mmoja huiona kura yake ikiingia. Hakuna saini ya kulinganishwa na karani asiyemwona, hakuna siku za kungoja gari la posta. Kosa likitokea, hurekebishwa papo hapo.

Takwimu za North Carolina zinalithibitisha jambo hili kwa namna isiyo ya kawaida, kwani zilitolewa mahakamani. Mwaka wa 2008, Barack Obama alipogombea urais kwa mara ya kwanza, asilimia 60.36 ya wapigakura Weusi wa jimbo hilo walipiga kura mapema, ikilinganishwa na asilimia 44.47 ya wazungu. Mwaka wa 2012 viwango vilikuwa asilimia 64.01 na 49.39.

Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Kaunti ya Shelby, pia ya Alabama. Uamuzi huo uliyaondolea majimbo yenye historia ya ubaguzi sharti la kuomba idhini ya Washington kabla ya kubadili sheria za uchaguzi. Mara moja bunge la North Carolina lilipanua mswada liliokuwa nao. Siku za kura ya mapema zilipunguzwa kutoka 17 hadi 10, na mojawapo ya Jumapili mbili zilizotumiwa na makanisa ikapotea. Kitambulisho chenye picha kikawa lazima kituoni. Kabla ya kutunga masharti hayo, wabunge walikuwa wameagiza takwimu zinazoonyesha ni kabila gani la watu linalotumia njia ipi ya kupiga kura.

Kipengele kimoja kinastahili kutazamwa kwa makini. Sharti la kitambulisho chenye picha halikuigusa kura ya posta, ingawa wabunge walikuwa na ushahidi wa madai ya udanganyifu katika njia hiyo hiyo. Kura ya posta ndiyo njia iliyotumiwa zaidi na wazungu. Mnamo Julai 2016 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne iliibatilisha sheria hiyo, ikasema iliwalenga Weusi kwa usahihi wa karibu kama kisu cha mpasuaji. Aliyeandika uamuzi huo ni Jaji Diana Gribbon Motz, na Mahakama ya Juu ilikataa kuusikiliza upya mwaka wa 2017.

Florida ilikuwa imetangulia: sheria yake ya 2011 ilipunguza siku kutoka 14 hadi 8 na kuifuta Jumapili ya mwisho. Foleni za 2012 zilikuwa ndefu kiasi kwamba mwaka wa 2013 bunge lilelile lilirudisha baadhi ya siku.

Mwaka wa Korona

Tarehe 7 Aprili 2020 wakazi wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, walifika kupiga kura wakakuta jiji lao limebaki na vituo 5 badala ya takriban 180. Karibu wakazi wanne kati ya kumi wa jiji hilo ni Weusi, na ugonjwa wa korona ulikuwa ukiwaua Weusi kwa kasi kuliko wazungu. Watu walisimama kwa saa nyingi wamefunika nyuso. Picha za siku hiyo ziliwafundisha Weusi kote nchini kwamba kituo, mahali pa kuaminika, kimekuwa pa hatari. Kilichobaki ni bahasha.

Basi wakaiendea, lakini wakiwa na maswali. Mwaka wa 2018 Profesa Daniel Smith wa Chuo Kikuu cha Florida alikuwa ametoa utafiti kuhusu kura za posta za jimbo hilo katika chaguzi za 2012 na 2016. Aligundua kwamba uwezekano wa kura ya Mweusi au ya mwenye asili ya Kilatini kukataliwa ulikuwa zaidi ya maradufu ya ule wa mzungu. Sababu za kukataliwa huonekana ndogo: saini haikuwekwa, saini haifanani na ile ya kumbukumbu, bahasha imechelewa. Lakini saini ya mzee hubadilika mkono unapoanza kutetemeka, na anayetumia njia kwa mara ya kwanza hukosea zaidi ya aliyeizoea. Alabama ilidai mashahidi wawili au ofisa mthibitishaji wa hati. South Carolina ilidai shahidi mmoja. Katika mwaka ambao mzee aliambiwa asimkaribie mtu, aliagizwa pia atafute mashahidi. Kisha katika miezi ya kiangazi, chini ya Mkuu wa Posta Louis DeJoy, mitambo ya kuchambulia barua iling'olewa katika vituo kadhaa na barua zikaanza kuchelewa.

Jawabu la wengi lilikuwa la busara. Waliomba karatasi kwa posta, lakini hawakuirudisha kwa posta. Waliibeba wenyewe hadi ofisi ya uchaguzi au hadi kisanduku cha kutumbukizia kura kilichowekwa mahali pa wazi na kulindwa kwa kamera. Bahasha ilipatanishwa na sanduku. Matumizi ya kura ya posta miongoni mwa Weusi yaliongezeka sana mwaka huo, ingawa yalibaki chini ya yale ya wazungu, na kura ya mapema kituoni ikaendelea kuwa na mashabiki wake.

Georgia Baada ya 2020

Katika jimbo la Georgia, kati ya kura takriban milioni 5 zilizopigwa Novemba 2020, milioni 1.3 hivi zilikuja kwa bahasha na milioni 2.7 hivi zilipigwa mapema kituoni. Joe Biden alishinda huko kwa kura 11,779. Tarehe 5 Januari 2021 Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer alikohubiri King, alichaguliwa kuwa seneta Mweusi wa kwanza wa jimbo hilo.

Tarehe 25 Machi 2021 Gavana Brian Kemp alitia saini sheria mpya. Muda wa kuomba kura ya posta ulifupishwa. Visanduku vya kutumbukizia kura viliingizwa ndani ya vituo, vikafunguliwa kwa saa za kazi tu, na idadi yake ikawekewa kikomo cha kimoja kwa kila wapigakura 100,000; katika kaunti nne kubwa za Atlanta, kutoka visanduku 100 hivi ikabaki takriban robo. Ikawa kosa kumpa maji au chakula mtu aliye katika foleni karibu na kituo. Pendekezo la kuzibana Jumapili, ambalo lilikuwa limejadiliwa, liliondolewa baada ya makanisa kulalamika.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja. Sheria iliongeza Jumamosi za lazima za kura ya mapema, na waliojitokeza hawakupungua: mwaka wa 2024 zaidi ya watu milioni 4 wa Georgia walipiga kura kabla ya siku ya uchaguzi. Hata hivyo, jumla kubwa haielezi ni nani aliyeachwa nje ya jumla hiyo. Utafiti wa Kituo cha Brennan uliotolewa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba pengo kati ya ushiriki wa wazungu na wa Weusi limepanuka tangu 2013, na limepanuka haraka zaidi katika maeneo yaliyokuwa chini ya uangalizi wa Washington. Na mwelekeo wa njia zenyewe uko bayana: mwaka wa 2022 kura za posta za Georgia zilishuka hadi takriban robo milioni. Bahasha ilirudi nyuma, kituo kikabaki.

Kituo nacho kilipiganiwa. Warnock alipolazimika kuingia duru ya pili mwaka huo wa 2022, ofisi inayosimamia uchaguzi ilisema Jumamosi ya 26 Novemba haiwezi kutumiwa, kwa kuwa sheria ilizuia kura ya mapema siku inayofuata sikukuu. Sikukuu zilikuwa mbili: Alhamisi ya Shukrani, na Ijumaa ambayo hadi 2015 iliadhimisha kuzaliwa kwa Robert E. Lee, jemadari wa majeshi ya Kusini yaliyopigania kudumu kwa utumwa. Warnock alikwenda mahakamani akashinda, na Jumamosi hiyo makumi ya maelfu ya watu walipanga foleni katika kaunti zilizokubali kufungua.

Mafanikio hayo hayakufika Marion. Hadi uchaguzi wa 2024, Alabama na Mississippi, majimbo yenye Weusi wengi mno kwa uwiano wa wakazi wake, hayakuwa na kura ya mapema kituoni kabisa. Mnamo Machi 2024 Alabama ilipitisha sheria inayoharamisha kutoa au kupokea malipo, hata zawadi, kwa kumsaidia mtu kuomba kura ya posta. Mnamo Septemba jaji wa shirikisho aliizuia kwa upande wa vipofu, walemavu na wasiojua kusoma. Mzee wa Kaunti ya Perry asiyeweza kufika kituoni Jumanne ya Novemba 2024 alihitaji sababu inayotambuliwa na sheria, nakala ya kitambulisho chake, na mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati, kabla bahasha yake haijatoka nyumbani.